Siku moja ya mtu anayeeleza kwa nini meya hayumo kwenye karatasi ya kura

Saa 11 alfajiri, Mbagala. Chai ya rangi, kiporo, watoto nawaachia bibi yao. Kinachonichelewesha asubuhi ni nguo. Kijani siwezi kuvaa, njano siwezi, zambarau usiseme, na bluu ikikaa karibu na nyekundu nimeshakuwa mwanachama wa chama cha watu. Msimu wa kampeni kabati langu linabaki kahawia na kijivu. Mimi ni mtoa elimu ya mpiga kura, na kabla sijafungua mdomo watu wanasoma kwanza blauzi yangu.

Asasi ninayofanyia kazi ilikuwa na kibali cha Tume ya Uchaguzi, nasi tulipangiwa kata kadhaa za Temeke, Dar es Salaam, kuelekea kura ya tarehe 29 Oktoba 2025. Mtaani wananiita dada wa kura. Wengine wananiita chawa, na hao ndio wengi kuliko unavyodhani.

Saa 2 asubuhi tuko ofisi ya kata, mimi na kijana ninayefanya naye kazi, yeye na kipaza sauti, mimi na bango lenye mfano wa karatasi ya kura. Kibali tunacho, barua tunayo, ila bila muhuri wa kata hatuingii mtaani. Mwenye muhuri katoka. Anarudi saa ngapi? Sasa hivi. Hiyo sasa hivi ilifika saa 4, na jua nalo likawa limeshafika.

Sokoni maelezo ya kawaida nayatoa hata nikiwa usingizini: karatasi tatu, ya Rais, ya mbunge, ya diwani, vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi, vinafungwa saa 10 jioni, na aliyekwisha kuwa kwenye foleni muda huo anapiga kura yake.

Ndipo akaja bwana wa viatu vya mtumba.

"Tisheti ziko wapi?"

Hatugawi tisheti, kaka.

"Kofia?"

Wala kofia.

"Sasa mmekuja kufanya nini?" Watu wakacheka, naye akanogewa. Akapandisha kiatu begani, akaja mpaka puani kwangu. Akasema anajua hela za semina zimeliwa na kwamba sisi tumetumwa na meya. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa siri: "Yule meya mimi simtaki tena. Nionyeshe hapo kwenye bango, nimpigie mwingine."

Nikamwambia kwenye bango hakuna meya. Akaligeuza. Nyuma ni plastiki nyeupe. Akaligeuza tena.

Swali hili ninakutana nalo kila kata, na linanichosha kuliko jua. Meya hatumpigii kura sisi. Tunamchagua diwani wa kata yetu. Madiwani wakishaapishwa, kwenye kikao chao cha kwanza wanamchagua mmoja wao kuwa meya, na wabunge wa eneo hilo nao ni wajumbe wa kikao hicho. Meya anakaa miaka mitano, naibu wake anachaguliwa kila mwaka. Na kwa sasa hivi, nikamwambia, huyo unayemkataa hayupo: mabaraza ya madiwani yalivunjwa Juni, halmashauri hazina meya mpaka madiwani wapya waingie.

"Hayupo? Na jana nimemwona kwenye simu amevaa joho na mkufu."

Picha ya zamani, kaka.

"Tena alikuwa meya wa Jiji."

Hapo nikajua tutalala sokoni. Maana Temeke hatuna meya wa Jiji, tuna meya wa Manispaa. Zamani Dar es Salaam ilikuwa na Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa zote, yenye meya wake. Februari 2021 ikavunjwa, na Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mkoa mmoja una halmashauri tano, yaani Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na kila moja ina baraza lake na meya wake. Mtu wa Temeke akimlalamikia meya wa Jiji anamlalamikia jirani.

Sasa wamejaa watu kama ishirini. Mama wa nyanya anauliza: basi meya anateuliwa na Rais? Hapana mama, anayeteuliwa na Rais ni mkurugenzi, na mkuu wa wilaya, na mkuu wa mkoa. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri: anasimamia watumishi, anatekeleza, na barazani ndiye katibu. Meya anaongoza kikao cha Baraza la Madiwani na anaongoza Kamati ya Fedha na Uongozi. Bajeti inapita kwao. Sheria ndogo zinapita kwao.

"Ushuru wa kizimba changu kapanga nani?" Bwana wa viatu bado yupo, na kiatu bado kiko begani.

Viwango vinawekwa kwa sheria ndogo, na sheria ndogo zinapitishwa na baraza. Wanaokuja kukusanya wako chini ya mkurugenzi.

"Kwa hiyo nikikasirika, nimkasirikie nani?"

Diwani wako kwanza.

"Diwani simjui."

Nikamwonyesha karatasi ya tatu kwenye bango. Hiyo ndiyo karatasi ambayo watu wanaifikia wamechoka, wanaitia alama harakaharaka ili watoke, na ndiyo yenye ufunguo wa meya. Akasema meya mwenyewe asiyeajiri wala kufukuza mtu ana faida gani. Swali zuri, na pale ndipo huwa nawaambia ya 2015. Uchaguzi mkuu ulifanyika Oktoba, lakini meya wa Jiji la wakati ule akapatikana Machi 2016, baada ya kikao cha kumchagua kuahirishwa tena na tena. Chama sitaji, mnakijua wenyewe. Watu hawagombanii miezi yote hiyo kiti kisicho na kazi.

Akanitazama muda. "Na tisheti kweli hamna?"

Mchana, labda saa 8, tulikuwa kijiwe cha bodaboda. Sauti ilikuwa imeshakauka, betri ya kipaza sauti imekufa, maji tumenunua ya moto kwa sababu friji la mangi lilikuwa halina umeme. Vijana hawataki kusikia habari za joho. Nikawashika na asilimia kumi: kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa 2023, ukarejea 2024. Na kamati ile ya fedha anayoiongoza meya ndiko taarifa za mapato na matumizi zinakopita. Kimya. Mmoja akazima pikipiki kabisa, na kwangu mimi bodaboda kuzima pikipiki ni heshima.

Mwingine akauliza lile ambalo nilikuwa nalisubiri tangu asubuhi. Chama chake hakimo kwenye karatasi. Hizo habari za diwani na meya zinamhusu nini? Nikamwambia naweza kumweleza utaratibu, siwezi kumwambia apige wala asipige, wala ampigie nani. "Basi kazi yako nusu," akasema. Hakusema kwa hasira. Sikubishana naye. Kibali kina mipaka yake, na mimi nikirudi nyumbani nina maoni yangu kama mtu mwingine.

Baada ya hapo saa sikuzitazama. Mtaa wa pili, wa tatu, mlevi mmoja aliyetaka kuimba kwenye kipaza sauti kisicho na betri, mama mmoja aliyenifukuza kibarazani kwake akidhani nahesabu watu, mtoto aliyenisindikiza akiita "dada wa kula! dada wa kula!" mpaka barabarani. Miguu ikavimba hadi viatu nikavishika mkononi.

Jioni kina mama wa kikoba walikuwa wametuwekea mkeka na uji wa ulezi. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii, maana hawakuniacha nimalize. Nilipofika kwa meya na mkurugenzi, mwenye mtoto mgongoni akanikata: "Si kama mwenyekiti wetu! Anaendesha kikao, anatuliza ugomvi, lakini kisanduku kina funguo tatu na yeye hana hata mmoja." Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu, akasema ndiyo, lakini kikao nisipokiitisha hicho kisanduku hakifunguliwi. Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi nikanywa uji wangu. Wameeleza vizuri kuliko bango.

Kabla hatujaondoka, bibi mmoja mwenye kilemba cheupe akanivuta mkono. Shikamoo bibi. Marahaba. Alitaka kujua kama hilo baraza la madiwani linakaa hadharani au ni mambo yao ya siri. Hadharani, bibi, linakaa kila robo ya mwaka, mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, ila kuchangia ni wajumbe.

"Kwa hiyo naweza kwenda nikamwangalia tu huyo diwani kama anasema au analala?"

Unaweza kabisa.

Akafikiri. Akaniuliza kama wanatoa soda. Nikamwambia abebe maji yake.