Ndege, Maneno na Orodha Moja ya Machapisho

Orodha ya mtafiti aliyechapisha katika ikolojia na pia katika saikolojia ya utambuzi humkwaza msomaji mapema. Mstari wa kwanza ni ndege wanaoficha mbegu, wa pili ni watu wanaokariri maneno mbele ya kompyuta. Anayepitia maombi ya kazi kwa haraka husema huyu ametangatanga. Hukumu hiyo naiona ya kuonea, kwa sababu mara nyingi swali ni lilelile.

Mwaka 1976 mwanaikolojia Eric Charnov alionyesha kwa hesabu ni lini mnyama aondoke kwenye kichaka anachokula: pale kasi ya kupata chakula inaposhuka hadi kufikia wastani wa mazingira yote, muda wa kusafiri ukiwamo. Mwaka 2012 Thomas Hills, Michael Jones na Peter Todd waliipeleka hesabu hiyo kwenye kumbukumbu za akili ya binadamu. Watu waliombwa kutaja wanyama kwa dakika 3. Mtu huanza na wa kufugwa, majina yakimtoka mfululizo. Kisha kimya kinarefuka, na ghafla anahamia kwa wa porini. Kichaka kimekwisha, ameondoka.

Hata makosa ya fani hizi ni ndugu. Mwaka 1973 Herbert Clark aliwaonya wanasaikolojia kwamba maneno wanayotumia kwenye jaribio ni sampuli tu ya lugha, kwa hiyo tofauti kati ya neno na neno lazima iingie kwenye hesabu. Mwaka 1984 Stuart Hurlbert aliwaambia wanaikolojia jambo la aina hiyohiyo: ukichukua udongo mara 20 kwenye kipande kimoja kilichoungua na mara 20 kwenye kimoja kisichoungua, unazo sampuli 40 lakini vipande ni viwili tu, na huwezi kudai kwamba moto ndio ulioleta tofauti. Aliyeumia na kosa hili upande mmoja hulitambua upesi upande wa pili. Faida hiyo haina safu yake kwenye wasifu.

Kinachoumiza zaidi ni namba. Kiashiria h, kipimo cha wingi wa makala za mtafiti na jinsi zinavyonukuliwa alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, huhesabiwa hivi: panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, shuka hadi nafasi ya mwisho ambayo nukuu zake hazipungui namba ya nafasi yenyewe. Tuseme makala sita zina nukuu 40, 22, 9, 7, 5 na 4. Ya tano ina 5, ya sita ina 4, basi h ni 5. Sasa zitenganishe: ikolojia 40, 9 na 4, saikolojia 22, 7 na 5. Kila upande h ni 3. Kamati inayohesabu makala za fani yake pekee humwona mtu mdogo kuliko alivyo, na hakuna aliyedanganya.

Mpangilio wa majina nao una mtego. Katika ikolojia jina la mwisho mara nyingi ni la kiongozi wa maabara. Katika saikolojia majina hufuata ukubwa wa mchango, hivyo wa mwisho husomwa kama aliyefanya kidogo. Dawa yake ni sentensi fupi chini ya kila makala: nani alibuni jaribio, nani alikusanya data, nani alifanya takwimu. Mfumo wa CRediT, orodha sanifu ya michango ya waandishi, una majukumu 14 ya kuchagua.

Usafi wa rekodi za machapisho huanza na ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti yenye tarakimu 16 ambayo ya mwisho huweza kuwa herufi X. Iweke kwenye kila makala wakati wa kuituma, kwa sababu kuiongeza baada ya kuchapishwa ni usumbufu. Kisha linganisha DOI, yaani namba za utambulisho za makala, moja baada ya nyingine. Nakala tangulizi, inayowekwa mtandaoni kabla ya jarida kuichapisha, na makala iliyochapishwa zina DOI tofauti, hivyo kazi moja hujitokeza mara mbili, ziunganishe. Majina yanayofanana huleta makala za mtu mwingine kabisa, hasa pale herufi za mwanzo tu zinapotumika. Ziondoe hata kama zinakupandishia nukuu.

Mwisho, panga orodha kwa maswali, si kwa fani wala mwaka pekee. Chini ya kichwa "Lini kuacha kutafuta", ndege na maneno hukaa pamoja bila maelezo marefu.