Siku moja maishani mwangu: glukosi iliyozidi

Saa 2:00 asubuhi. Sijavua hata koti, nafungua kompyuta kuona mashine inayopima sukari za kuta za seli za mimea yangu imetoa nini usiku. Kila sukari ina kilele chake kwenye grafu. Kilele cha galaktosi kimekaa vizuri, manosi ni nyingi kama ilivyo kawaida ya livawoti, mimea midogo isiyo na maua. Cha glukosi kimepanda mpaka kutoka nje ya kioo. Moyo paa!

Sampuli nilizichemsha kwa asidi ya trifluoroasetiki, nyuzi joto 121, saa nzima. Ukuta wa seli ni minyororo ya sukari: asidi hiyo huvunja hemiselulosi na pektini, ila selulosi, ambayo ni glukosi tupu, kwa jinsi nyuzi zake zilivyoshonana, huiacha karibu nzima. Basi glukosi yote ile imetoka wapi?

Saa 3:00. Tone la iodini juu ya unga uliobaki. Ukageuka buluu, kisha karibu mweusi. Wanga! Nao ni mnyororo wa glukosi, na asidi ile huuvunja. Mimea yangu, livawoti aina ya Marchantia polymorpha, hukaa kwenye mwanga saa 24, na mmea usioonja giza hujaza wanga kwenye kloroplasti kama ghala la mavuno. Alkoholi ya kuoshea unga haiuyeyushi, kwa hiyo ulibaki pamoja na kuta za seli. Hatua ya vimeng'enya vya kuumeng'enya niliiruka mwenyewe, kwa haraka zangu. Sina wa kumlaumu.

Saa 4:00 hadi saa 8:00. Naanza upya. Mimea ndani ya nitrojeni kimiminika, kinu na mchi, unga mwembamba, alkoholi ya asilimia 70 iliyopashwa moto, kuzungusha, kumwaga, kurudia. Kisha klorofomu na methanoli, mwisho asetoni. Kijani huondoka polepole, unabaki unga mweupe kama chokaa. Isipokuwa mrija mmoja, ambao unga wake umebaki mwekundu. Ulitoka kwenye sahani niliyoisahau mpaka virutubishi vikaisha. Mmea ukiteseka hutengeneza auronidini, rangi inayong'ang'ania ukuta wa seli wala haitoki kwa alkoholi. Livawoti hazina lignini kama ya miti, lakini msidhani kuta zao ni sukari tupu.

Saa 9:00 alasiri, hadubini, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kizizi cha livawoti ni seli moja tu, ndefu kama uzi, inayokua kwa ncha. Nikikitia kalkofluori, rangi inayoshika selulosi, na kuwasha mwanga wa urujuanimno, ukuta wote unang'aa buluu. Vingine ni laini. Vingine vina vijino vya ukuta vinavyochomoza kwa ndani, mithili ya misumari iliyopigiliwa kutoka nje. Selulosi hufumwa palepale kwenye utando wa seli, wakati hemiselulosi na pektini hutengenezwa kwenye Golgi, karakana ya ndani ya seli, na kusafirishwa ndani ya vifuko. Humo humo Golgi ndimo zailoglukani ya mimea hii, moja ya hemiselulosi, hupachikwa asidi ya galakturoniki, sukari yenye asidi, na ndicho kitu hasa ninachokitafuta. Wanga umenipotezea wiki.

Saa 11:00 jioni. Natia amilasi na amiloglukosidasi, vimeng'enya vya wanga nilivyoviruka, zile safi kabisa, maana zenye mabaki ya selulasi, kimeng'enya kinachovunja selulosi, zingenilia na ukuta wenyewe. Mirija inaingia kwenye kitikisio mpaka kesho.

Saa 12:00. Nafunga sahani sita kwa karatasi ya alumini. Safari hii mimea italala gizani kwanza, wanga upungue kabla sijavuna. Kwenye kifuniko nimeandika kwa kalamu nene: USIFUNUE.