Mashine yangu ya kwanza ya kunyolea, kumbe ni ya 1958

Jamani mimi na ndevu tuna kesi ya siku nyingi. Nikinyoa na zile za plastiki zenye nyembe tatu nne, kesho yake shingo yote vipele, ndevu zimejikunja zikaota kwa ndani, shati la kola hata silisogelei. Kinyozi mmoja hapa Ohio, Mkongo, ndo akaniambia achana na hizo, tafuta mashine ya chuma ya wembe mmoja kama za wazee.

Basi Jumamosi nikaenda soko la vitu vya zamani nikaikuta ndani ya kopo la biskuti, imechanganyika na funguo na vijiko, nyeusi tii kwa ukoko wa sabuni. Mzee anayeuza ananiambia hiyo ni ya vita ya pili ya dunia, lete dola 25. Sikuwa najua lolote kuhusu hizi mashine ila Kariakoo nimekulia, nikairudisha koponi nikajifanya naondoka, tukamalizana kwa 12.

Kabla ya kulipa nilizungusha kile kitufe cha chini ya mpini, na hapo nilipatia. Ukikizungusha kichwa kinafunguka milango miwili kama kabati, ukirudisha inajifunga. Mlango mmoja ukichelewa, au ukifunga upande mmoja unabaki na upenyo kuliko mwingine, iache hapohapo, maana itakukata upande huo kila siku.

Nyumbani ni maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, nikasugua mpaka maji yakawa rangi ya chai. Nikageuza kichwa nikaona imeandikwa Gillette, Made in U.S.A., halafu herufi D na namba 2. Nikadhani saizi 😂 kumbe ndo cheti cha kuzaliwa! Gillette za Marekani kuanzia mwishoni mwa 1950 zilikuwa zinapigwa herufi ya mwaka na namba ya robo mwaka, 1955 ni A, 1956 ni B, twende hivyo hivyo, D inakuwa 1958 na 2 ni kati ya Aprili na Juni. Vita iliisha 1945. Na hata bila herufi, hii ni modeli ya Gillette inayoitwa Super Speed, ile ya kitako kilichotanuka kama sketi, na Super Speed yoyote ile haikuwepo sokoni kabla ya 1947. Mzee kanipiga, au na yeye alipigwa na aliyemuuzia.

Wembe wake sasa. Ule ule wa pakiti ya karatasi ambao fundi cherehani anafumulia mshono, unaingia bila shida yoyote.

Siku ya kwanza niliikandamiza kama ile ya plastiki, kidevu kikavuja damu mpaka taulo likaharibika. Hii haikandamizwi, uzito wa chuma unatosha, unaiachia ishuke yenyewe kufuata ndevu zinakoelekea. Wiki ya tatu sasa, vipele vipo lakini vimepungua, na Jumapili nilivaa kola.

Nikamrushia baba picha WhatsApp, akajibu kwa sauti, "Ya babu yako tuliichezea mpaka tukaipoteza, leo wewe unatoa hela kununua?" Baba amezaliwa Desemba 1961, mwezi ule ule wa uhuru, kwa hiyo sasa hivi nazunguka kutafuta yenye G4.