Ndiyo, tunaomba

Nimelala nalo siku nne. Leo naliweka hapa, maana Baba Zuhura ameshaniambia nikimsimulia tena anahamia kwa mama yake Mikindani.

Mnakumbuka nilivyojisifu nilipochaguliwa kuingia baraza la wafanyakazi, niwawakilishe wenzangu wa kituo cha mtoni, tunaokagua afya za wanaovuka Ruvuma. Basi kikao kimekaa Jumanne, mjini, ukumbi mmoja wa Shangani wenye feni mbili, moja inazunguka na nyingine inaitazama. Nilikwenda na daftari. Hoja yetu nimeiandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: TUNADAI MALIPO YA SAA ZA ZIADA, MIEZI SABA. Chini ya TUNADAI nilipiga mistari miwili mpaka karatasi ikatoboka.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikaweka mtandio sawa, nikafungua mdomo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi wa kituo cha mtoni tunaomba tulipwe saa zetu za ziada za miezi saba."

Akanyanyua kalamu. "Mnaomba?"

"Ndiyo, tunaomba."

"Basi ombi limepokelewa. Katibu, andika. Ahsante dada yangu, kaa."

Nikakaa. Nami nikasema ahsante.

Ile "tunaomba" ya kwanza najisamehe, ulimi umeteleza. Ya pili ndiyo inayonila. Mtu ameniuliza! Kaacha pengo kabisa, kama dereva anayepunguza mwendo ili uvuke barabara, nami nimesimama pale pale namwambia pita tu baba. Ningesema, "Hapana Mwenyekiti, tunadai." Basi. Nimeshayasema hayo maneno bafuni, nimeyasema nikiparua samaki, jana nimeyasema nyuma ya bodaboda mpaka kijana wa watu akageuka, "Unanidai mimi, mama?"

Wala si mtu mbaya yule mzee. Tulipoketi asubuhi ndiye aliyenisogezea chupa ya maji. Lakini anaijua kazi yake. Hoja yetu ilikuwa kwenye yatokanayo, yaani mambo ya kikao kilichopita yanayofuatiliwa, ina tarehe yake na mtu wa kuitolea maelezo. Ilipogeuka ombi, ikashushwa mengineyo. Aliyewahi kukaa vikao anajua mengineyo ni mahali gani. Ndipo panapozungumzwa rambirambi na soda zilizobaki, na nusu ya wajumbe wanatafuta funguo za pikipiki.

Na zile saa zimeshafanyika, jamani. Hakuna hata moja ya kubuni. Mitumbwi ikichelewa kuvuka Ruvuma, watu wanashuka gizani, wewe umeuma tochi kwa meno, mkono mmoja kipima joto, mwingine kadi ya homa ya manjano iliyolowa, kurasa zimegandana unazibandua kwa ukucha usije ukachana mhuri. Unasoma tarehe ya chanjo huku mate yanachuruzika kwenye tochi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Nilikuwa nayo daftarini, ukurasa wa pili. Hatukufika ukurasa wa pili.

Nadhani tatizo letu ni kuzoea kutangaziwa. Mei Mosi ya 2025 Rais aliposema kule Singida kima cha chini cha watumishi wa umma kinatoka 370,000 kwenda 500,000, asilimia 35.1, tulipiga vigelegele hata sisi ambao hatumo kwenye kima hicho. (Na yule mama anayeniuzia ming'oko, vile viazi vya porini, akanipandishia fungu wiki ile ile.) Kushangilia tunakujua. Kukaa mezani na mtu uso kwa uso, yeye ana kalamu na wewe una daftari, ndiko kunakotushinda. Kwenye grupu letu kuna kijana alituma habari za Kanada, maafisa wao wa mipakani zaidi ya 9,000, Juni 2024 walibakiza kidogo tu waingie kwenye mgomo, makubaliano yakapatikana. Wengine wakaweka vidole gumba. Saidi, mwenzetu wa kituoni, akauliza, "Na wao wana mamba?" Mjadala ukaishia hapo.

Wiki hii pia Zuhura amemaliza moko, uhamisho wa Saidi umetoka, anakwenda Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, na kikao hicho hicho kimetukubalia gari la kuwarudisha watu wa zamu ya usiku. Haya nitayasimulia siku nyingine.

Tangu Jumanne nimekuwa nausikiliza mdomo wangu. Naomba nipite. Naomba chumvi. Konda, naomba chenji yangu, chenji yangu mwenyewe! Alhamisi nikasema leo nafanya mazoezi. Nikaenda dukani kwa Bi Somoe, nikasimama wima.

"Nataka sukari nusu."

Bi Somoe akaweka kikombe chake chini. Akanitazama, akamtazama mjukuu wake, akanitazama tena. "Mama Zuhura, kuna mtu kakuudhi humu?"

"Hapana, nataka tu sukari."

"Haya." Akapima. Akafunga. Halafu, huku ananikabidhi, "Ile elfu nne na mia tano yangu utaleta lini?"

Mnaona? Huyo hajawahi kuniomba ile hela hata siku moja. Kila nikipita ananidai, tena anatabasamu, tena ananiulizia watoto, na heshima yake iko pale pale. Nilirudi nyumbani na sukari nikiwa nimeshikwa na hasira na wivu kwa pamoja.

Usiku nikampigia Baba, Tandahimba. Nikamwamkia, nikamsimulia yote, na sauti za watu nikaziigiza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hilo la kuomba nimekufunza mimi," akasema. "Ulikuwa unasema 'lete uji'. Nikakuchapa."

"Nakumbuka."

"Lakini ule ulikuwa uji."

Tukanyamaza. Nikamkumbusha 2018, mnada wa korosho, wakulima walipokataa bei. Siku zote husimulia kama vile walikwenda vitani. Safari hii akafupisha. "Nani aliomba? Bei ilisomwa, tukasema hatuuzi, tukaenda kula." Nikasema ndiyo maana Novemba ile serikali ikatangaza kununua kwa 3,300 kilo. "Enhe," akasema. Nikauliza, na hela yako uliipata lini? Akacheka mpaka akakohoa. "Hilo sasa liache, mwanangu."

Basi nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Sijui ni kicheko chake au ni ule uji.

Saidi ndiye aliyenionyesha njia. Amekaa kwenye baraza la wafanyakazi miaka mingi huyu, anazijua kona zote. Anasema kikao kijacho, kabla ya chochote, kuna kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Hapo mjumbe anaruhusiwa kusimama, akasema ukurasa fulani, mstari fulani, panaposomeka "wajumbe waliomba" pasomeke "wajumbe walidai". "Katibu atasema ndivyo ulivyotamka," nikamwambia. "Atasema. Wewe mwambie ulikuwa unatamka kwa heshima, na madai ni yale yale yaliyoletwa kwa maandishi. Barua si ipo?" Barua ipo. Ya mwezi wa tatu, ina mhuri wa kupokelewa, na imeandikwa kudai kwa sababu aliyeiandika ni Saidi.

Kwa hiyo jana usiku nikakaa kumwandikia Katibu ujumbe, nimjulishe mapema ili isionekane namvizia. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikaona sasa umekaa vizuri, mkali lakini una adabu. Nikampa Zuhura aupitie maana Kiswahili chake cha shule ni kizuri kuliko changu. Akasoma mstari wa kwanza akaanza kucheka, akaniwekea simu usoni.

"Ndugu Katibu, habari za jioni. Naomba turekebishe..."

Bado haujatumwa. Zuhura anasema niweke "Nataarifu". Baba Zuhura anasema nilale.

Kitu kingine. Baba alipokuwa anaongea jana alikuwa anakatisha katikati ya maneno, anameza, ndiyo anaendelea. Nikauliza anakula nini, akasema hali kitu. Nikang'ang'ana. Ndipo akasema kuna jino, la nyuma, anatafunia upande mmoja tangu Ramadhani, ila linapoa akisukutua maji ya chumvi. Tangu Ramadhani! Na mwezi wa nane nilikuwa kwake, nikampikia mihogo, nikaona anakula polepole nikadhani ni uzee. Nimemwambia aende hospitali ya wilaya, anasema baada ya msimu. Msimu wenyewe haujaanza. Nimetazama ratiba, Jumamosi nina zamu, na Jumapili pia.