Safari ya Hati Mpaka Printa ya Mbali

Leo nimeshinda na kazi ya kuunganisha printa za tawi la mbali na mfumo wa SAP, programu ya kuendeshea shughuli za kampuni. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya kujaza fomu tu. Jambo linalonishughulisha hata baada ya kufunga kompyuta ni umbali uliopo kati ya hati kuondoka kwenye seva na karatasi kumfikia mtu aliyesimama mbele ya printa.

Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuchapisha, hati huhifadhiwa kwanza kama ombi la foleni, kisha huundwa ombi la kuitoa, ambalo ndilo linaloipanga data katika lugha inayoeleweka na kifaa husika. Utengano huo naupenda, kwa kuwa ombi moja la foleni linaweza kuzaa maombi kadhaa ya kutoa. Ankara iliyokwama huweza kutolewa upya bila mhasibu kulazimika kuiandaa tena. Baada ya hapo seva huikabidhi data kwa kompyuta ya Windows iliyoko tawini, ambako SAPSprint, huduma ya SAP ya kupokea hati za kuchapishwa, inasikiliza kwenye poti 515 (poti ni mlango wenye namba wa kupitishia data mtandaoni), namba ileile ya LPD, itifaki kongwe ya kupeleka hati kwa printa iliyoelezwa katika waraka wa kiufundi RFC 1179 wa mwaka 1990. Windows nayo ina foleni yake na draiva yake, yaani programu inayoitafsiri data kwa lugha ya printa, na aghalabu hupeleka data kwa printa kupitia poti 9100.

Huu ni mfano wa mbio za kupokezana kijiti: aliyekwisha kukikabidhi hawezi kuapa kwamba mwenzake amefika.

Kwenye SPAD, sehemu ya SAP ambako vifaa vya kutolea hati husajiliwa, kila printa hupewa jina refu, jina fupi la herufi nne, aina ya kifaa na njia ya kuifikia. Jina la printa kwenye kompyuta ya tawi lazima liandikwe kama lilivyo, herufi kubwa zikiwa kubwa na ndogo zikiwa ndogo. Aina ya kifaa inahitaji uangalifu zaidi, maana printa isiyojua PostScript, mojawapo ya lugha za kuielezea printa ukurasa, ikipelekewa PostScript haikatai kazi. Hutoa karatasi moja baada ya nyingine zilizojaa mistari ya msimbo, ya kwanza ikianza na alama %!PS. Anayeiona karatasi hiyo hudhani printa imeharibika, ilhali printa imechapa kila herufi iliyopokea. Kwa printa za kawaida za ofisini nimechagua aina ya kifaa iitwayo SWIN, inayoiachia draiva ya Windows kazi ya kutafsiri, ingawa chaguo hilo linatufunga kutumia SAPSprint kwa uchapishaji unaoanzia kwenye seva.

Kuna kisanduku kimoja kidogo ambacho nadhani kinastahili mjadala kuliko mengine yote: kile kinachouambia mfumo usiendelee kuuliza foleni ya mbali kuhusu hali ya hati. Kikiwekwa alama, ombi huhesabiwa kuwa limekamilika mara tu data inapokabidhiwa. Seva hupumua, hasa pale mtandao unapokuwa mzito, na hapo naona sababu ya wengi kukipenda. Lakini mtu wa ghala anayesubiri hati ya kusafirishia mzigo, huku dereva amekwisha kuwasha gari, akipiga simu kuuliza, ataambiwa kwamba hati yake imekamilika, na karatasi haipo. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa seva, na halimsaidii hata kidogo. Kwa sababu hiyo, kwenye printa ya hati za mzigo nimekiacha bila alama, na nimekiweka kwenye printa za lebo, ambazo hutoa kazi nyingi fupifupi na mwendeshaji wake yuko palepale akiziangalia.

Limebaki suala la usiri. Data inayopita kwa LPD haifichwi kwa namna yoyote. Anayeweza kusikiliza mtandao anaweza kuisoma. Nimewaomba wenzangu wa mtandao waifungue poti 515 kwa seva za foleni peke yake. Printa ya hati za mishahara sitaisajili mpaka SNC, ulinzi wa mawasiliano wa SAP unaosimba data (kuifanya isisomeke na wengine) kwa njia ya SAPSprint, iwe imewekwa na kujaribiwa pande zote mbili.