Kifaurongo cha Njia ya Kisimani

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu huko Muheza, pale njia ya kisimani ilipoanza kuteremka kati ya michungwa, palikuwa na kifaurongo kilichotambaa ardhini na maua yake ya zambarau, na sisi wajukuu, ingawa tulikuwa tumeagizwa maji na kukatazwa kuchelewa, hatukupita hapo bila kuweka ndoo chini na kuchutama. Ukikipapasa kwa ncha ya kidole, majani yake madogo, yaliyopangwa jozi jozi kama meno ya kitana, yalifumba jozi baada ya jozi kuanzia pale ulipogusa, kisha kikonyo kizima kikainama kama mtu aliyezimia. Tukakaa kimya hadi kifufuke.

Tulikijaribu kwa kila tulichonacho. Kivuli cha mkono hakikukishtua, bali pumzi ya mdomo na tone la maji vilikishtua. Binamu yangu aligundua kwamba tawi likichokozwa mara nyingi mfululizo huacha kujali, akasema kimetuzoea. Jioni moja tulikikuta kimefumba chote, nami nikamuuliza bibi ni nani aliyekigusa. Akanijibu, "Kimelala, mjukuu wangu, nawe nenda kalale."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1729 Mfaransa aitwaye Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wa namna hii gizani, akaona majani yake yanaendelea kufunguka mchana na kufumba usiku bila kuliona jua. Nilisoma pia kwamba mwaka 2014 Monica Gagliano na wenzake walichapisha utafiti ambamo waliidondosha mimea hiyo, ikiwa ndani ya vyungu, kutoka kimo kidogo tena na tena, mpaka ikaacha kufumba, na baada ya takriban mwezi mzima ilikuwa bado haijasahau. Wanasayansi wanabishana kama huko ni kujifunza, lakini mimi nilimkumbuka binamu yangu na ndoo yake.

Linalonisikitisha ni kwamba darasani tulinakili ubaoni kuwa mimea nayo husogea, wala hakuna aliyetutoa nje, ilhali kifaurongo kilikuwa kimejaa pembezoni mwa uwanja wa mpira.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu pale pale. Alichutama, akagusa, akasubiri, halafu akaniuliza jani lililoguswa huwaambiaje wenzake. Nikaanza kumweleza kwamba penye shina la kila jani pana kifundo kilichojaa maji, kwamba taarifa husafiri mle kama umeme mdogo, maji yakakimbia upande mmoja na jani likakosa cha kulishikilia. Lakini alikuwa ameshanipa mgongo, anatambaa kwa magoti kutafuta tawi ambalo halijafumba.