Tafakari ya wiki: Suratul Mutaffifin na wizi wa punje chache

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii tuisome sura ya 83, yenye aya 36. Jina lake limetokana na tafiif, kitu kidogo kisichojaliwa. Mutaffif si mnyang'anyi wa njiani. Ni yule anayepunja kiasi ambacho mnunuzi hataona haja ya kurudi kugombana. Na huyo ndiye aliyeanziwa kwa "Wayl", ole wake.

Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wabaya mno katika vipimo; sura ikashuka, wakavitengeneza.

Aya ya 2 na ya 3 zisomwe pamoja. Akipokea kwa watu, yastawfuun, anataka kitimie. Akiwapimia wao, yukhsiruun, anapunguza. Kudai haki yako itimie si kosa. Aibu ni kuwanyima wengine unachojidai mwenyewe. Chombo ni kile kile. Akinunua nafaka hukitikisa na kukigonga ili punje zishikamane, kisha hujazia tena. Akiuza humimina polepole, nafasi zibaki kati ya punje. Kwa macho, mara zote mbili kimejaa hadi ukingoni! Kwenye mizani, hupima bidhaa pamoja na chombo chake, au husoma uzito kabla mizani haijatulia. Basi pima chombo kitupu kwanza, utoe uzito wake, ngoja mizani itulie, halafu ongeza kidogo. Mtume (s.a.w.) alimwambia mpimaji mmoja: "Pima, na uzidishe." Mshahara nao ni kipimo: kwa anayelipa pungufu ya kazi aliyofanyiwa, na kwa anayepokea kamili kwa saa pungufu.

Kisha aya ya 4 inauliza: kwani hao hawadhani kwamba watafufuliwa? Neno ni yadhunnu. Hata dhana tu ingetosha kuuzuia mkono.

Kitabu cha matendo ya waovu kimo Sijjiin, mahali pa chini kabisa, cha wema kimo Illiyyiin, mahali pa juu kabisa, na wema watanyweshwa kinywaji kilichofungwa kwa miski. Lakini tusimame aya ya 14: "Kallaa, bal raana 'alaa quluubihim maa kaanuu yaksibuun", yaani: sivyo, bali yamefunika mioyo yao kama kutu yale waliyokuwa wakiyachuma. Katika kisomo cha Hafs, mmoja wa wapokezi wa visomo vya Qur'ani, kilichozoeleka, baina ya bal na raana kuna sakta: unakata sauti kidogo bila kuvuta pumzi, kisha unaendelea. Msahafuni utaona siin ndogo hapo. Wengi huharakisha, laam ikamezwa na raa, ikatoka "barraana". Wengine huvuta pumzi, na hapo si sakta tena.

Raana ni kutu iliyofunika. Hadithi inaeleza kuwa mja akikosa, huwekwa nukta nyeusi moyoni. Akiacha na kutubia, moyo husafishwa. Akirudia, nukta huzidi mpaka ziufunike. Na aya inasema kutu hiyo ni yale waliyokuwa wakiyachuma, yaksibuun, neno ambalo mfanyabiashara analijua vizuri.

Kwa hiyo aliyepunja asitosheke na istighfari. Haki ya mja hurudishwa. Unaowajua, warudishie au waombe wakuhalalishie. Usiowajua, kadiria ulichopunja, ukitia shaka chukua kiasi kikubwa zaidi, ukitoe sadaka kwa niaba yao. Akitokea mwenyewe baadaye akadai, mlipe chake.